Van Helmont na Siri ya Udongo wa Chunguni

Katika masomo yaliyotangulia mmejifunza sehemu za mmea na kazi ya kila sehemu. Sasa tutasoma habari za mtu aliyetaka kujua jambo ambalo watu wengi hulipita kila siku bila kuliuliza: mmea unapokua, ule mwili wake mpya hutoka wapi? Mtu huyo aliitwa Jan Baptista van Helmont. Jibu alilolipata lilikuwa na kasoro. Hata hivyo, njia aliyoitumia kulitafuta ndiyo wanayoifuata wanasayansi mpaka leo, na jaribio lake hutusaidia kujua ni udongo gani utufaao tunapopanda maua katika chungu.

Ujana na masomo yake

Van Helmont alizaliwa mjini Brussels karibu na mwaka 1580. Leo mji huo ni mji mkuu wa Ubelgiji, lakini zamani zile nchi hiyo ilitawaliwa na mfalme wa Hispania. Baba yake alifariki mtoto angali mchanga. Jamaa zake walikuwa watu wenye cheo na mali, kwa hiyo alipokua alipelekwa kusoma katika chuo kikuu cha mji wa Leuven.

Siku zile kusoma kulikuwa hasa ni kukariri vitabu vya wataalamu wa kale wa Uyunani na Urumi. Aliyekariri vizuri alihesabiwa kuwa ameelimika. Van Helmont alipomaliza masomo ya falsafa aliikataa shahada yake, kwa kuwa aliona amejaza kichwa chake maneno mengi, na hajui jambo lolote kwa hakika. Akajaribu masomo ya namna nyingine, kisha akashika utabibu. Mwaka 1599 akawa tabibu.

Katika ujana wake alipatwa na upele. Matabibu waliomtibu walifuata vitabu vya kale, wakampa dawa za kuharisha ili zitoe uchafu waliodhani umo katika damu yake. Dawa zile zilimdhoofisha sana, na upele ukabaki pale pale. Baadaye alipona kwa dawa ya kupaka iliyokuwa na salfa. Tangu hapo alishika neno hili moyoni: kitabu kikisema hivi na mambo yenyewe yakaonyesha vingine, hapana budi kuyafuata mambo yenyewe.

Kati ya mwaka 1600 na 1605 alisafiri katika nchi za Uswisi, Italia, Ufaransa na Uingereza, akitafuta watu wenye ujuzi. Mwaka 1609 alimwoa Margaret van Ranst, binti wa jamaa yenye mali, na wakakaa Vilvoorde, karibu na Brussels. Hakuwa na haja ya kuwatumikia wakuu ili apate riziki. Alitengeneza maabara nyumbani kwake, na huko akatumia miaka mingi akipima, akichoma, akichemsha na kuandika.

Mti ndani ya chungu

Tangu zamani za Aristotle, wataalamu walifundisha kwamba mimea hupata chakula chake chote katika ardhi, nayo hukifyonza kwa mizizi. Mafundisho hayo yalikubaliwa kwa karne nyingi, kwani yalionekana kuwa ya kweli. Mti uliopandwa penye udongo mzuri hustawi, na uliopandwa penye udongo mbaya hudumaa.

Van Helmont alifikiri hivi. Ikiwa mti hula udongo, basi udongo hauna budi kupungua kadiri mti unavyoongezeka. Familia ikila mahindi ya gunia kila siku, gunia hupungua, na mwenye mizani anaweza kujua ni kiasi gani kilicholiwa. Kwa nini basi mti na udongo wake visipimwe pia?

Alichukua chungu kikubwa cha udongo wa kuchoma. Akakausha udongo wa shamba katika tanuri mpaka maji yote yakaisha, kisha akaupima. Ulikuwa ratili 200. Ratili moja ni karibu nusu kilo. Akautia udongo huo chunguni, akaulowesha kwa maji ya mvua, akapanda ndani yake mche wa mti uitwao wilo, ambao huota kando ya mito ya Ulaya na humea upesi. Mche huo ulikuwa na uzito wa ratili 5.

Angalieni jinsi alivyojihadhari. Alijua kwamba upepo huweza kuleta vumbi, na vumbi hilo likiingia chunguni litaongeza uzito wa udongo. Kwa hiyo alikifunika chungu kwa bamba la chuma lililopakwa bati, lenye matundu mengi madogo. Aliumwagilia mti maji ya mvua, na yalipokosekana alitumia maji yaliyokenekwa, yaani maji yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa tena ili yawe safi. Hakutia kitu kingine chochote.

Kisha akangoja miaka 5. Kila mwaka majani ya mti yalipukutika wakati wa baridi kukaribia, na kila mwaka yakachipua mengine. Majani yaliyopukutika katika majira yale manne hakuyapima.

Mwisho wa miaka hiyo aliung'oa mti, akaupima. Sasa ulikuwa na uzito wa ratili 169 na wakia 3 hivi. Wakia 16 ni ratili moja. Akaukausha tena ule udongo wa chunguni, akaupima. Ulikuwa ratili 200 kasoro wakia 2 tu.

Fikirini habari hiyo. Mti ulikuwa umeongezeka zaidi ya ratili 164, nao udongo ulipungua wakia 2, yaani uzito unaojaa katika kiganja cha mkono. Mafundisho yaliyodumu karne nyingi yalikuwa yameshindwa na mizani. Mwili wa mti haukutoka katika udongo.

Jibu lake na kasoro yake

Van Helmont alijiuliza tena: kama si udongo, ni nini? Kitu alichokitia chunguni kwa miaka yote mitano kilikuwa maji. Akakata shauri kwamba mbao, magome, majani na mizizi ya mti vyote vimefanyika kwa maji peke yake.

Hakukosea kabisa. Sehemu kubwa ya uzito wa mti mbichi ni maji, na hata katika mbao zilizokauka imo sehemu iliyotokana na maji. Lakini mambo mawili yalimpita.

Jambo la kwanza ni zile wakia mbili. Aliziona kuwa kitu kidogo kisichostahili kutajwa sana, na huenda kweli baadhi yake zilipotea katika kupima. Lakini leo tunajua kwamba mmea huchukua katika udongo chumvichumvi, kama vile zile zenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Kiasi chake ni kidogo, lakini mmea ukizikosa hauwezi kustawi, kama vile mchuzi usivyofaa bila chumvi, ijapokuwa chumvi yenyewe ni ya kijiko kimoja tu.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Chungu kilifunikwa, lakini mti wenyewe ulisimama katika hewa, na majani yake yaliguswa na hewa hiyo usiku na mchana. Van Helmont hakuihesabu hewa. Inashangaza, kwani yeye ndiye aliyeanzisha neno gesi, tunalolitumia sasa kwa vitu vyote vya namna ya hewa. Siku moja alichoma ratili 62 za makaa ya mti, zikabaki ratili moja ya majivu. Alitambua kwamba zile ratili 61 hazikupotea, bali ziligeuka kitu kisichoonekana kama hewa. Gesi hiyo leo tunaiita kaboni dayoksaidi. Alijua kwamba mti ukichomwa hutoa gesi hiyo, lakini hakutambua kwamba mti ulipokuwa ukikua uliitwaa gesi hiyo hiyo kwa majani yake. Nusu mbili za jibu zilikuwa mkononi mwake, naye hakuziunganisha.

Taabu zake

Zamani zile haikuwa salama kwa mtu kueleza mawazo mapya. Mwaka 1621 kitabu chake kimoja kilichapishwa mjini Paris, nacho kilihusu namna ya kuponya majeraha. Baadhi ya mawazo ya kitabu hicho hayakuwa sahihi kisayansi. Lakini walimu wa dini wa Leuven hawakumshtaki kwa ajili hiyo, bali walisema kwamba maandishi yake yanapinga imani. Mwaka 1634 alikamatwa, akafungwa kwa muda, kisha akaamriwa akae nyumbani kwake chini ya ulinzi. Kesi ilivutwa kwa miaka mingi.

Baada ya hapo hakuharakisha kuchapisha maandishi yake mengi. Alifariki tarehe 30 Desemba 1644. Kabla ya kufa alimkabidhi mwanawe, Franciscus Mercurius, karatasi zake zote. Kijana huyo alizikusanya, na mwaka 1648 kitabu kikubwa cha baba yake kilichapishwa mjini Amsterdam. Habari za mti wa wilo zimo katika kitabu hicho. Kama mwanawe asingezihifadhi, kazi ile ya miaka mitano isingetufikia.

Waliomfuata

Watu wengine waliichukua kazi pale alipoiacha. Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alieleza jinsi alivyootesha mnanaa katika maji ya namna mbalimbali. Mimea iliyowekwa katika maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani iliongezeka zaidi kuliko ile ya maji safi. Hivyo ikajulikana kwamba maji peke yake hayatoshi.

Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba sehemu za kijani za mmea huibadilisha hewa zinapopata mwanga. Mwaka 1804 Nicolas de Saussure wa Geneva alipima kwa uangalifu mkubwa, akaonyesha kwamba uzito wa mmea hutokana na kaboni dayoksaidi ya hewa pamoja na maji. Mwaka 1860 Mjerumani Julius Sachs aliotesha mimea katika maji yaliyotiwa chumvichumvi chache zilizopimwa, bila udongo wowote. Mimea hiyo ilikua.

Basi jibu likatimia. Majani hutumia nguvu ya mwanga wa jua kuunganisha maji na kaboni dayoksaidi, yakatengeneza chakula cha mmea. Udongo hutoa maji na chumvichumvi.

Udongo wa kupandia maua ya matunguu

Mtu aweza kuuliza: ikiwa mmea hauli udongo, je, ni kitu kimoja tu kupanda katika udongo wowote? La. Jaribio la Van Helmont halikuonyesha kwamba udongo hauna kazi. Limetusaidia kuitambua kazi yake. Udongo wa chunguni una kazi nne: kuushikilia mmea usianguke, kuhifadhi maji, kupitisha hewa mpaka kwenye mizizi, na kutoa chumvichumvi. Tunapochagua udongo tuziangalie kazi hizo nne.

Tuchukue mfano wa gladioli. Hili ni ua linalokatwa na kuuzwa mijini kwa kupamba nyumba na karamu. Maua yake hupangana juu ya kikonyo kirefu, na yale ya chini hufunguka kwanza. Ni ua lenye asili katika bara letu. Aina moja ya gladioli huota porini tangu Afrika ya Kusini mpaka nyanda za juu za Afrika Mashariki, nayo ni miongoni mwa wazazi wa gladioli wanaolimwa leo duniani.

Gladioli hupandwa kwa tunguu. Tunguu lake si kama kitunguu tunachokata jikoni, ambacho kina maganda manene yaliyofunikana. Ukilikata tunguu la gladioli utaona limeshikamana ndani kama gimbi. Tunguu hilo, kama gimbi, ni shina nene lililo chini ya ardhi, lenye akiba ya chakula. Ndiyo maana tunguu lililosahauliwa ghalani huchipua bila kupewa udongo wala maji. Hutumia akiba yake yenyewe.

Kwa sababu ya akiba hiyo, tunguu haliogopi sana udongo wenye rutuba kidogo mwanzoni. Adui yake mkubwa ni maji yanayotuama. Udongo wa mfinyanzi uliojazwa chunguni hushika maji mengi na kufukuza hewa. Mizizi hukosa hewa, kuvu huingia, na tunguu huoza kabla ua halijatoka. Mchanga mtupu nao hupitisha hewa vizuri, lakini maji hukimbia upesi na chumvichumvi huondoka pamoja nayo. Vikonyo vya maua huwa vifupi na vyembamba, visivyouzika.

Kwa hiyo tuchanganye. Sehemu 2 za udongo wa shamba, sehemu 1 ya mboji au samadi iliyooza kabisa, na sehemu 1 ya mchanga mnene wa mtoni huleta mchanganyiko unaofaa. Mchanga wa baharini usitumiwe, kwa kuwa una chumvi nyingi. Samadi mbichi isitumiwe, kwa kuwa huunguza mizizi na kuleta uozo. Mahali palipo na minazi, nyuzi za makumbi zilizosagwa zaweza kutumiwa badala ya sehemu ya mboji, kwani hushika maji na kupitisha hewa. Lakini makumbi yaliyofukiwa ufukweni yaoshwe mara nyingi kwa maji baridi, mpaka chumvi iishe. Makumbi hutoa chumvichumvi kidogo, basi mbolea iongezwe. Katika mashamba ya maua ya Naivasha, nchini Kenya, hutumika pia mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa, na mimea hupewa maji yenye chumvichumvi zilizopimwa. Hiyo ndiyo kazi ya Sachs inayoendelea mpaka leo.

Chungu kiwe na matundu chini, na kina chake kisipungue sentimita 30. Tunguu lifukiwe sentimita 10 hivi, ili mmea usianguke ukibeba maua.

Ua linapokuwa tayari kukatwa, mkulima asiye na ujuzi hukata kikonyo pamoja na majani yote. Hupata pesa ya msimu huo, lakini msimu unaofuata hana mbegu nzuri. Mmea unapotoa ua, tunguu lile la zamani hunyauka, na tunguu jipya hujengwa juu yake. Akiba ya tunguu jipya hutengenezwa na majani kutokana na hewa, maji na mwanga wa jua. Kwa hiyo yaachwe majani yasiyopungua 4, na mmea uendelee kumwagiliwa kwa majuma kadhaa mpaka majani yageuke rangi. Hata udongo ungekuwa mzuri namna gani, hauwezi kulijaza tunguu ambalo majani yake yamekatwa. Hewa ambayo Van Helmont hakuihesabu ndiyo inayompa mkulima tunguu la mwaka ujao.

Jaribio

1. Chukueni makopo matatu yaliyo sawa. Toboeni matundu matano chini ya kila kopo.
2. Jazeni kopo la kwanza udongo mkavu wa mfinyanzi, la pili mchanga mkavu, na la tatu mchanganyiko mkavu tuliouelezea. Kiasi kiwe sawa.
3. Wekeni bakuli chini ya kila kopo. Mwagieni kila kopo kikombe kimoja cha maji.
4. Baada ya nusu saa, pimeni maji yaliyo katika kila bakuli. Andikeni matokeo katika jedwali.
5. Baada ya siku tatu, chimbeni kidogo kwa kijiti katika kila kopo. Ni udongo upi ungali na unyevu? Ni upi ulioshikamana na kuwa mgumu?

Maswali

1. Kwa nini Van Helmont aliukausha udongo kabla ya kuupima, mara ya kwanza na ya mwisho?
2. Kwa nini alikifunika chungu?
3. Mti uliongezeka uzito kiasi gani? Udongo ulipungua kiasi gani?
4. Kama angeyapima majani yaliyopukutika, je, hesabu yake ingeongezeka au ingepungua? Eleza.
5. Taja mambo mawili yaliyompita Van Helmont.
6. Taja kazi nne za udongo wa chunguni.
7. Rafiki yako amepanda matunguu ya gladioli katika mfinyanzi mtupu, nayo yameoza. Mweleze sababu, na umshauri namna ya kutengeneza udongo mwingine.
8. Kwa nini haifai kukata majani yote wakati wa kuvuna maua ya gladioli?